Kisiwa Kizima Nikiomba Radhi

Kila nikipita hapa karakana mnanivutia kreti nikae, mnanipa chai, halafu mnaanza: "Mzee Mbwana, tupe Japani." Mnataka treni zinazokwenda kama risasi na majengo yanayogusa mawingu. Poleni, wanangu. Japani hiyo niliiona kwa dirisha la basi, nikiwa nusu usingizi. Mimi nilikwenda kwenye kisiwa cha vizee, machungwa na nguruwe mwitu. Kisiwa kizima kina robot moja barabarani, taa za kuongozea magari, na yenyewe imewekwa ili watoto wa shule wajifunze kuvuka, wasije kugongwa siku watakayopelekwa mjini. Nilimwona kwa macho yangu kizee mmoja na kigari chake kilichojaa machungwa, taa nyekundu, barabara tupu mbele na nyuma, naye katulia anaingoja kama mtu anayengoja pilau ya harusi. Nyie mnaopita nyekundu hapa Johannesburg, pale Bertrams, mkono mmoja umeshika mahindi, lifikirieni hilo.

Na sikwenda kutembea. Binti yangu Zuhura mnamjua. Wengine wenu mlikuwa mnakuja kwangu kuazima grainda mara tatu kwa wiki, na hata kazi ya kutumia grainda hamna. Alipomaliza chuo alipata kazi ya kufundisha Kiingereza huko kisiwani. Mwaka jana, 2018, mkataba wake ulikuwa unafika mwisho, na shule ilimpa mpaka Jumatatu moja ya mwezi wa pili aseme kama anaongeza mwaka au anarudi. Mama yake akaniambia, "Mbwana, umestaafu, huna kazi ila kunikalia jikoni. Nenda kamlete mtoto. Mwambie chumba chake kipo na shuka nimefua." Basi safari yangu ilikuwa hiyo tu, kwenda kumleta Zuhura nyumbani.

Watu wengine wakienda kwa watoto wao ughaibuni hubeba unga, dagaa na pilipili. Mimi nilimbebea mwanangu kufuli. Kufuli la shaba, zito, lile ambalo majambazi wa mji huu wakiliona wanaomba samahani na kwenda nyumba ya pili. Pale uwanja wa ndege mama wa forodha aliligeuza mara mbili, akaniangalia usoni, akalirudisha kwenye begi. Nilijua amenielewa, maana na yeye ni wa Johannesburg.

Mnajua kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita, ndiyo hiyohiyo mnayoifanya nyie kwa kulalamika. Grili za madirisha na mageti. Troyeville, Observatory, kote huko, na spaza za Diepsloot nimezifunga nyingi mpaka mwenye duka ukimwona ndani unadhani ndiye mfungwa na mteja ndiye aliyekuja kumtembelea. Aliyenifundisha ni Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mfupi mwenye mkono mtulivu ambao hamtakuwa nao hata mkiacha bia. Yeye ndiye aliyenifunza kupima dirisha mara tatu, juu, katikati na chini, kwa sababu katika mji huu hakuna nyumba iliyojengwa na mtu mwenye subira. Alinifunza kushikiza kwanza pembe zote nne kwa nukta ndogo za moto, kisha kupima toka pembe hadi pembe, ndipo uchomelee. Nyie mnachomelea upande mmoja mpaka mwisho, fremu inajikunja, halafu mnailaumu nondo.

Na msidhani nilizaliwa ninajua. Geti langu la kwanza la peke yangu lilikuwa Observatory, ua mwembamba, mbwa kafungiwa stoo. Nikapima, nikachomelea, nikapaka rangi, nikarudi nyuma hatua tatu niitazame kazi yangu. Safi kabisa. Ndipo nikagundua nimesimama upande wa ndani, kitasa nimekiweka upande wa nje, na mbwa anakaribia kumaliza mlango wa stoo. Papa Ilunga alikuja kunitoa, lakini kwanza aliketi chini ng'ambo ya geti akala mkate wake wote, akaniambia, "Mbwana, sasa uko unajua nyumba namna iko, ukiiangalia toka mu kati."

Mtaa huohuo tulipewa kazi na mama mmoja, mpole, chai kwenye vikombe vyenye sahani. Akasema weka nondo nene, baba, mji umeharibika, ni hawa wageni. Mimi wa Tanga nilishika ncha moja ya tepu, Papa Ilunga wa Lubumbashi kashika ya pili. Nikamjibu kwa adabu, "Kweli kabisa, mama, wageni ni watu wabaya sana," nikamwandikia nondo nene kuliko aliyoiomba. Hofu ya watu ndiyo imenisomeshea mtoto. Sikuwahi kuionea haya mpaka nilipofika mahali ambapo haiuziki.

Basi nikafika kisiwani, mgongo umekufa kwa ndege, treni, basi na feri. Zuhura kanipokea bandarini, kanikumbatia, kanipeleka kwenye nyumba ambayo halmashauri ya kijiji inawapa walimu. Nyumba ya mbao. Mlango ni wa kusukuma kando kama kabati la vyombo. Madirisha vioo vitupu. Nikamwuliza, "Ufunguo uko wapi?" Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake cha siku zote, maana huyu Kiswahili anakisikia vizuri ila kukisema anaona uvivu, kwamba anadhani upo mahali fulani, hajawahi kuutafuta. Mwaka mzima mwanangu amelala kwenye kabati.

Asubuhi yake akaenda shule, nikabaki peke yangu. Nimekaa nakunywa chai, mara mlango unasukumwa. Haukubishwa, unasukumwa. Mkono ukaingia, kisha bibi kizee, kajikunja, kavaa aproni, kashika figili nyeupe ndefu kama paja la mtoto. Akatamka maneno, akaweka figili pale wanapovulia viatu, akaniona mimi nimesimama na ufagio juu ya kichwa, akainama kwa heshima, akaondoka. Huyo ndiye jirani, Bibi Haru. Zuhura aliporudi akaniambia ndivyo wanavyoishi. Leo figili, kesho machungwa, keshokutwa viazi vitamu. Hawabishi hodi, wanafungua, wanaita, wanaweka, wanakwenda. Nikamwambia mwanangu, mji wetu umenifunza kitu kimoja: wezi wakitaka kuijua nyumba, kwanza wanamtuma bibi kizee. Hakucheka.

Sasa sikilizeni upumbavu wa fundi mstaafu. Nilikuwa nimetoka nyumbani na tepu mfukoni. Siku ya pili nikapima madirisha yote. Siku ya tatu nikashuka bandarini, nikamkuta mzee mmoja anayetengeneza maboti, ana mashine ya kuchomelea na lundo la vyuma vikuukuu. Lugha hatuna. Nikamchorea grili kwenye vumbi. Akatazama, akatazama, kisha uso ukamng'aa. Akaweka vidole viwili mdomoni kama meno ya ngiri, akakoroma. Nikaitikia tu, ndiyo, ndiyo, nikidhani ananionyesha mwizi wa kwao alivyo. Akanipa vyuma bure, miwani, mashine, na mke wake akatuletea chai. Tulifanya kazi siku mbili bega kwa bega. Mkono wake ulikuwa kama wa Papa Ilunga, na nawaambia nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nistaafu.

Alhamisi Zuhura alipokwenda shule nikafunga vyote. Madirisha matatu, na geti la mlangoni, skrubu ndefu mpaka ndani ya nguzo za mbao za halmashauri. Juu yake nikatundika kufuli langu la shaba. Kazi ilikuwa nzuri. Watu walianza kupita polepole barabarani. Mmoja akapiga picha. Ni baadaye ndipo nilipoambiwa walichokiona: huko nguruwe mwitu wanakula mazao, na kila shamba lina mtego wa nondo wa kuwanasia. Mzee wa maboti alinipa vyuma vyake akijua nakwenda kutega nguruwe. Kijiji kizima kikaja kumwona baba wa mwalimu, Mwislamu swala tano, kajenga mtego wa nguruwe kisha kaingia ndani na kujifungia mwenyewe.

Mchana nilimwona Bibi Haru anakuja na figili mbili. Akafika, akaona kufuli. Alisimama pale muda, mkono wake ukainuka kama wa kusukuma, ukashuka. Akageuka na figili zake.

Zuhura akarudi saa kumi. Nilikuwa nimesimama ndani nyuma ya geti, nimejiandaa kupokea shukrani. Alipofika uani akasimama. Akaanza kupumua kwa mdomo. Akasema taratibu, "Take it off, Baba." Nikamwambia hebu kwanza liguse kufuli, uone uzito wake. Akarudi kwenye kigari chake, akaketi, akafunga mlango, akanitazama kwa kioo mpaka nilipotoa skrubu ya mwisho. Siku nne za kazi nilizifungua kwa saa mbili.

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho sikuwaambia nilipokuwa nawafundisha. Zuhura alipokuwa na miaka minane, tulikuwa tunamfungia ndani tukienda kazini. Likizo ya shule, mtaa mbaya, utafanyaje. Msinitazame hivyo, wengine wenu mnafanya mpaka leo. Siku moja hita ikashika pazia la sebuleni. Moto ukakaa kati yake na mlango, akakimbilia chumbani kwake nyuma, akashika nondo za dirisha akapiga kelele. Nondo hizo niliziweka mimi, na nilizichomelea moja kwa moja. Papa Ilunga alikuwa na amri moja tu kazini: kila nyumba, dirisha moja lifunguke kwa ndani. Nyumba za wateja niliifuata. Ya kwangu nilikuwa na haraka.

Majirani walivuta, wakashindwa. Mmoja akafunga kamba kwenye gari lake, akavuta, kamba ikakatika. Mimi niliitwa nikiwa kazini mtaa wa pili, nikaja mbio na grainda. Nilipoiona ile kamba iliyokatika na grili haijatikisika, kabla ya hofu, kabla ya kitu kingine chochote, nilihisi fahari. Mungu anisamehe. Kisha nikakata. Mtoto akatoka na masizi tu, hakuna hata lengelenge. Na kesho yake, wanangu, nikarudishia grili ileile, nikaongeza nondo moja, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na mji ni huu huu. Papa Ilunga akaja kutupa pole, akalitazama dirisha, akaniuliza, "Weye Mbwana, unafunga mwizi inje ao unafunga mutoto mu kati?" Hakunishikia tena ncha ya tepu mpaka alipokufa. Nikasema ni wivu wa kazi.

Ijumaa chai yangu niliinywa peke yangu. Jioni Zuhura akaja na maboksi matano ya vitamutamu, yamefungwa kwa karatasi nzuri kama zawadi za harusi. Akasema kesho tunazunguka kisiwa. Nikafurahi, nikadhani ananionyesha mandhari. Kumbe huko ukikosa, unachukua boksi, unakwenda mpaka mlangoni kwa uliyemkosea, unainama, unasema radhi. Barabara ya kisiwa inazunguka pwani yote, dakika hamsini kama husimami. Sisi ilituchukua siku nzima.

Kwa mtu wa halmashauri niliinama kwa ajili ya matundu kwenye nguzo. Alikwisha kuja kuyaziba yeye mwenyewe, na alinishukuru kwa kutumia skrubu zilizonyooka. Kwa mwalimu mkuu niliinama kwa sababu Ijumaa mwalimu wake alikosa kipindi kwa ajili ya matundu hayohayo. Kwa mwenyekiti wa kijiji niliinama bila kujua kwa nini, ila mgongo ulikuwa umeshazoea. Mzee wa maboti alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza kwa vidole vyake viwili mdomoni kama tumemnasa. Na wote wanne, Zuhura akitafsiri, waliniuliza swali moja kwa huruma kabisa: kwenu nguruwe ni wakubwa sana? Nikajibu, wakubwa, na wengine wanavaa suti na kugombea vyeo. Zuhura alikataa kutafsiri.

Njiani alianza kunisamehe, nikamwona. Alinionyesha minara midogo ya spika kwenye kila kijiji, inapiga wimbo saa kumi na moja jioni kuwaambia watoto waende nyumbani. Nikamwambia kwetu tungeiba waya. Akacheka kidogo. Nikaona njia imefunguka, nikamwambia, "Mwanangu, Jumatatu ndiyo hii. Mama yako anakungoja." Akasema, kwanza tumalize kwa Bibi Haru, hapo ndipo panamwogopesha, halafu ataniambia.

Bibi Haru alitukalisha kwenye meza fupi yenye blanketi na moto wa umeme chini yake. Nikainama mpaka paji likagusa mkeka. Nilisema radhi kwa Kiswahili, nikasema sikukuona wewe kuwa mwizi, bibi, mimi naona kila mtu hivyo, hata shemeji yangu. Zuhura akatafsiri. Bibi akacheka, akamenya chungwa, akaniwekea mkononi kama mtoto. Kisha akauliza. Zuhura akanigeuzia: "Anauliza, nikirudi kwetu nitalala wapi."

Hapo sasa ndipo penyewe. Nikajinyoosha. Nikaeleza chumba kilivyo, nyuma ya nyumba, mbali na barabara, shuka mama yake kafua. Nikaeleza dirisha. Nikaeleza nondo unene wake, nafasi kati ya nondo na nondo haipiti ngumi, na nikamwambia gari lilivuta likashindwa. Niliendelea muda mrefu mpaka nikagundua nasikia sauti yangu peke yangu. Zuhura alikuwa ameacha kutafsiri. Anatazama blanketi.

Akasema, na safari hii akasema kwa Kiswahili, kwa kuokoteza neno moja moja, ili niwe mimi peke yangu wa kusikia: "Baba, mimi chumba kile silali. Toka siku ya moto, mimi sijalala. Nafunga macho tu. Wewe ukija kuchungulia, nafunga macho."

Wanangu, nilikuwa nachungulia kila siku. Nilikuwa nasimama mlangoni, namwona katulia, narudi kwa mama yake nasema, unaona mtoto anavyolala, ndiyo faida ya chuma kizuri. Miaka nenda rudi. Nilikuwa nawatolea mfano wateja. Niliumia pale. Bibi Haru alitutazama mmoja mmoja, akasogeza bakuli la machungwa karibu yangu.

Nilitaka kumwambia nitakata nondo, nitapaka rangi mpya, nitaweka hata pazia la maua. Nikaona hayo yote ni mambo ya fundi. Nikamwambia, "Huku unalala?"

"Nalala, Baba. Mpaka nachelewa shule."

"Basi kaa."

Kesho yake nilikuwa bandarini mapema, nangoja feri. Nikampigia mama yake kabla hajaanza kupika ile pilau ya kumpokea mtoto. Nikamwambia Zuhura haji. Nikategemea kelele, nikasogeza simu mbali na sikio. Akasema, haya, nieleze. Nikamweleza yote, bila kujipunguzia, kwamba mtoto hakuwahi kulala kwenye chumba kile, kwamba alikuwa anafumba macho tu nikichungulia.

"Najua," akasema.

"Unajua toka lini?"

"Toka wiki ile ile. Ukishalala wewe nilikuwa nakwenda kukaa naye."

"Sasa mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ningekuambia nini, Mbwana?" akasema. "Ungeongeza nondo."